Tawi la mlozi katika chumba cha daktari

Ukiingia katika chumba changu cha kuwaonea wagonjwa, kitu cha kwanza kitakachokukabili ukutani ni picha ya matawi ya mti yenye maua meupe, na nyuma yake anga ya samawati iliyokolea. Niliikata kwenye kalenda ya zamani nikampelekea fundi wa vioo mtaani, akaitilia fremu. Wagonjwa wengi huipita bila kuitazama. Baadhi yao hudhani ni tangazo la kampuni ya dawa.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Nilimpima presha, ikawa sawa, nikampa dawa za maumivu. Baada ya wiki mbili akarudi, safari hii ni mgongo. Nikampa dawa nyingine. Mara ya tatu ilikuwa tumbo na kukosa usingizi, nami nikamwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya nne, nikiwa nimeinamia kadi yake, aliinua macho akaitazama ile picha. "Daktari, huu ni mti gani?" akaniuliza. Nikamjibu kuwa ni mlozi, na kwamba aliyeuchora alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili wakati huo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaanza kulia.

Alilia hadi mhudumu wangu akaja kubisha mlango. Alipotulia alinieleza kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka alfajiri na kutamani asingeamka, na kwamba siku mbili kabla ya kuja kwangu alikuwa amekwisha kuamua namna atakavyojitoa uhai. Mimi, mwenye shahada ya udaktari na wagonjwa maelfu niliowahi kuwatibu, nilikuwa nimeonana naye mara tatu bila kumwuliza swali hata moja kuhusu hali ya moyo wake. Kosa lilikuwa langu. Ameniruhusu niyaandike haya mradi nisimtaje jina.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasimulia wagonjwa habari za mchoraji huyo, na leo ni zamu yako.

Mchoraji mwenyewe ni Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Aliwahi kuuza picha dukani, akafundisha shule Uingereza, akahubiri miongoni mwa wachimba makaa wa Ubelgiji, na kote huko hakudumu. Alikuwa na umri wa miaka 27 alipoamua kuwa mchoraji, na miaka 10 baadaye alikuwa kaburini. Katika muda huo mfupi alichora picha za rangi za mafuta zipatazo 860, mbali na michoro ya kalamu na penseli. Watu wanamjua kwa lile sikio alilolikata na kwa bei za ajabu ambazo picha zake huuzwa siku hizi. Mimi kama daktari nina hamu zaidi na mambo mawili yaliyomshikilia asianguke mapema: miti na watu.

Mtu wa kwanza alikuwa mdogo wake, Theo, aliyempita kwa miaka minne. Theo alikuwa mfanyabiashara wa picha mjini Paris, na ndiye aliyemlipia Vincent chakula, kodi, rangi na vitambaa vya kuchorea. Ndugu hawa waliandikiana karibu maisha yao yote ya utu uzima. Barua za Vincent kwa Theo zilizohifadhiwa hadi leo ni zaidi ya 650. Nikizisoma naona kitu ambacho ni adimu katika kazi yangu: mgonjwa anayeueleza ugonjwa wake mwenyewe, kwa utulivu, kwa mtu ambaye hana wasiwasi kwamba atamcheka.

Ama miti, aliipenda tangu utotoni, lakini ilimteka kabisa alipohamia Arles, kusini mwa Ufaransa, mnamo Februari 1888. Alifika kukiwa na theluji, na baada ya wiki chache bustani za matunda zikachanua. Alichora mipichi, miparachichi ya kizungu (ile wanayoiita aprikoti), milozi na miplamu kama mtu anayekimbizana na mvua, maana maua hayo hayakai. Wakati huohuo akapata habari kwamba Anton Mauve, mchoraji aliyemfundisha na ambaye alikuwa amemwoa binamu yake, amefariki. Wawili hao walikuwa wamekosana miaka mingi kabla, wala hawakupatana. Vincent alichukua mojawapo ya picha zake, mipichi miwili iliyojaa maua ya waridi, akaandika juu yake kuwa ni ukumbusho wa Mauve, na ikapelekwa kwa mjane. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Rambirambi zake alizituma kwa mti.

Tarehe 23 Desemba mwaka huohuo, baada ya kugombana na mchoraji mwenzake Paul Gauguin waliyekuwa wakiishi nyumba moja, Vincent alijikata sikio. Alipelekwa katika hospitali ya Arles akiwa amechanganyikiwa. Huko alimpata Félix Rey, daktari kijana wa miaka 23 aliyekuwa bado mafunzoni. Rey aliona dalili za namna ya kifafa, akampa bromaidi ya potasiamu, dawa iliyotumika kwa kifafa zama hizo. Zaidi ya dawa, aliketi naye akazungumza naye. Vincent alipopata nafuu alimchora daktari huyo na kumpa picha kama zawadi. Familia ya Rey haikuipenda hata kidogo. Inasimuliwa kuwa mama yake aliitumia kuziba tundu la banda la kuku! Leo picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Pushkin, Moscow. Nasi madaktari tujihadhari na zawadi za wagonjwa tunazozidharau.

Mwingine aliyemtembelea hospitalini ni Joseph Roulin, mfanyakazi wa posta ya Arles, mtu wa ndevu ndefu ambaye Vincent alikuwa amemchora pamoja na mkewe na watoto wake wote. Roulin hakuwa tajiri wala msomi. Alikwenda tu, tena na tena, akawa anampelekea Theo habari kwa barua. Lakini majirani hawakuwa Roulin wote. Mapema mwaka 1889 watu 30 walitia saini malalamiko kwa mamlaka ya mji wakitaka mgonjwa huyo aondolewe kwa kuwa ni hatari. Polisi wakaifunga nyumba yake, naye akafungiwa hospitalini. Ikiwa una jamaa mwenye maradhi ya akili, huenda unalijua jambo hili vizuri kuliko mimi, hususan ikiwa unaishi kwenye ploti yenye vyumba ishirini na bomba moja la maji.

Tarehe 8 Mei 1889 Vincent alikwenda kwa hiari yake kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, karibu na mji wa Saint-Rémy. Nasisitiza neno hiari. Alihofia mashambulizi ya ugonjwa yangemjia akiwa peke yake, akaona heri awe mahali penye watu. Matibabu hayakuwa mengi: kuoga kwa muda wa saa mbili, mara mbili kwa wiki, na utaratibu wa siku usiobadilika. Mkuu wa hospitali, Dkt Théophile Peyron, alimruhusu kutumia chumba kingine kilichokuwa kitupu kama karakana yake. Dirisha la chumba alichokuwa akilala lilikuwa na vyuma, na nje yake palikuwa na shamba la ngano lililozungushiwa ukuta.

Hapo ndipo alipochora miti yake mikubwa. Aliichora misipresi, ile inayopanda juu kama mwali wa moto mweusi. (Usiifananishe na misipresi yetu ya Limuru iliyofyekwa ikawa ua wa nyumba. Ile ya Ufaransa ni jamii nyingine, myembamba na mirefu, na mara nyingi hupandwa makaburini.) Aliichora mizeituni nje ya ukuta wa hospitali, angalau picha 15 katika mwaka 1889 peke yake, mashina yakiwa yamepinda kama migongo ya wazee. Mnamo Juni alichora picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote, ya usiku wenye nyota, na mbele kabisa akauweka msipresi. Katika mwaka mmoja wa kulazwa alitoa picha zipatazo 150.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husemwa kwamba wazimu ndio uliompa Vincent kipaji, na kwamba kama angetibiwa, dunia ingekosa picha hizo. Nimewasikia hata wasanii wetu vijana wakikataa dawa kwa sababu hiyo. Si kweli. Ugonjwa ulipompanda, kwa kawaida hakuweza kufanya kazi. Mnamo Julai 1889 aliposhambuliwa alijaribu kula rangi zake, ambazo zilikuwa na sumu, na ikabidi anyang'anywe. Alikaa wiki kadhaa bila kazi. Alishambuliwa tena kuelekea Krismasi, tena Januari, na tena kutoka Februari hadi Aprili mwaka 1890. Picha tunazozistaajabia zilichorwa katika nafasi zilizokuwa katikati ya mashambulizi hayo, akili yake ikiwa timamu na mkono wake ukiwa umetulia. Ni kazi za mtu aliyekuwa akipona kila mara, akijua kwamba ataugua tena.

Na alikuwa na ugonjwa gani hasa? Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wamependekeza majina chungu nzima: kifafa, kaswende, sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye rangi, pombe kali iitwayo absinthe. Wengine wamedai alipenda rangi ya njano kwa sababu alipewa dawa itokayo kwenye mmea wa dijitali, ile familia ya dawa ya moyo tunayoiita dijoksini, ambayo ikizidi mwilini humfanya mtu aone kila kitu kwa umanjano. Dai hilo linapendeza lakini mimi silisadiki. Hakuna ushahidi kuwa alipewa dawa hiyo, na mwenyewe anaeleza katika barua zake kwa nini aliichagua njano. Mwaka 2020 madaktari wa magonjwa ya akili nchini Uholanzi waliochambua barua hizo waliona kuwa yamkini alikuwa na baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuporomoka, pamoja na matatizo mengine, na kwamba kule kuchanganyikiwa kwa Arles huenda kulichangiwa na kuacha pombe ghafla. Hakuna awezaye kumpima leo. Dada yake, Willemina, naye alilazwa katika hospitali ya akili tangu mwaka 1902 hadi kifo chake mwaka 1941, jambo linaloashiria kuwa ugonjwa ulikuwamo katika damu ya familia.

Lithiamu, dawa ambayo imewatuliza wengi wenye baipola, ilitambuliwa kuwa na manufaa hayo mwaka 1949 na daktari John Cade wa Australia. Vincent hakubahatika. Wewe umebahatika.

Narudi kwenye dirisha lile lenye vyuma. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha utafiti mdogo ambao bado unatajwa sana. Alichunguza rekodi za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kutolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walikuwa wamelala kwenye vyumba ambavyo madirisha yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, karibu siku moja, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Wagonjwa 46 ni wachache, nami sitakuambia kwamba mti unatibu baipola. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huohuo, kwamba mwili wa binadamu hutulia unapokuwa karibu na kijani. Anayeishi kwenye ghorofa la nne Pipeline au Umoja, ambapo dirisha linatazama dirisha, hahitaji mtafiti amwambie hivyo.

Na sasa ile picha yangu ya ukutani. Tarehe 31 Januari 1890 Theo na mkewe, Jo, walipata mtoto wa kiume mjini Paris wakampa jina la ami yake: Vincent Willem. Vincent, akiwa bado hospitalini, akaanza kuchora matawi ya mlozi yaliyochanua ili yatundikwe katika chumba cha kulala cha wazazi hao. Kusini mwa Ufaransa mlozi huchanua mapema, kabla baridi haijaisha, na kabla majani hayajatoka. Alichagua mti huo kwa ajili ya mtoto mchanga, na ukiitazama picha huoni ardhi wala shina; ni kana kwamba umelala chali chini ya mti, kama mtoto, ukitazama juu. Mara tu baada ya kuichora aliugua tena, ule ugonjwa mrefu wa hadi Aprili. Alipopona, msimu wa maua ulikuwa umekwisha.

Mnamo Mei 1890 aliondoka hospitalini akahamia Auvers-sur-Oise, karibu na Paris, awe chini ya uangalizi wa Dkt Paul Gachet. Daktari huyu alikuwa rafiki wa wachoraji, naye mwenyewe mtu wa huzuni. Vincent alimwandikia Theo kwamba anamwona kuwa mgonjwa kama yeye au zaidi. Alimchora akiwa ameegemeza shavu kwenye ngumi, na mmea wa dijitali mezani. Picha hiyo iliuzwa New York mwaka 1990 kwa dola milioni 82.5. Katika siku kama 70 alizoishi Auvers alichora picha zaidi ya 70.

Mwanzoni mwa Julai alikwenda Paris kuwaona ndugu zake. Mtoto alikuwa ameugua, Theo alikuwa amechoka na alikuwa akifikiria kuacha kazi kwa kukosana na waajiri wake. Vincent alirudi Auvers akiwa na wazo moja kichwani: kwamba yeye ni mzigo. Msomaji wangu, ukisikia neno hilo kinywani mwa mtu wako, "mimi ni mzigo tu", au "bila mimi mngeendelea vizuri", usilipuuze na wala usimkemee. Mimi nalihesabu kuwa dalili nzito, sawa na damu kwenye kikohozi.

Tarehe 27 Julai 1890 asubuhi alikuwa akichora mizizi ya miti kwenye ukingo wa barabara, mizizi ya samawati iliyotoka ardhini mvua ilipoibomoa kingo. Mwaka 2020 mtafiti Wouter van der Veen alipatambua mahali hapo kutokana na kadi ya zamani ya posta; mzizi mmoja ungalipo. Picha hiyo haikukamilika. Jioni yake alijijeruhi, na alfajiri ya tarehe 29 alifariki, Theo akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Theo hakuishi zaidi ya miezi sita. Ni Jo, mjane mwenye mtoto wa mwaka mmoja, aliyezihifadhi picha na barua, akazichapisha barua hizo mwaka 1914, na mwaka huohuo akauhamisha mwili wa Theo kutoka Uholanzi ili azikwe ubavuni mwa kaka yake. Yule mtoto wa mlozi aliishi hadi mwaka 1978. Picha yake haikuuzwa kamwe. Iko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1973 kwa mkusanyo alioutunza yeye.

Mama yule niliyemtaja mwanzo alianzishiwa dawa na akapelekwa kwa mshauri nasaha. Haikuwa rahisi. Aliacha dawa mara moja kwa kuambiwa na jirani kwamba zitamfanya zezeta, akaugua tena, akarudi. Sasa hufika kila baada ya miezi mitatu, na mumewe, ambaye zamani alikuwa akimngojea nje kwenye gari, huingia naye.

Watu huniuliza: je, nikimwuliza mtu kama anafikiria kujiua, sitakuwa nimemtia wazo hilo? Hapana. Mwulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Mara nyingi ataona amepunguziwa mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari kama vile dawa za wadudu na akiba ya vidonge, kisha mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Si lazima iwe Mathari. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya afya ya akili, na hata zahanati ya karibu inaweza kukuandikia barua ya kukutuma. Wala usiogope polisi kama wazee wetu walivyoogopa. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kilitangazwa na Mahakama Kuu, Januari 2025, kuwa kinyume cha Katiba.

Na jamaa yako akilazwa, mwendee. Usiulize maswali ya "ulikuwa na nini hasa". Mpelekee habari za nyumbani, nani amejifungua, nani amehama. Mwulize muuguzi wa zamu kama anaruhusiwa kutoka nje kidogo, na kama hospitali ina mti uani, ketini chini yake hadi kengele ya kufunga muda wa wageni ilie.